Mihogo, viazi na magimbi ya kuchoma kwenye nyumba isiyo na jivu

Tangu tuhamie kwenye gesi, kuna kitu kimoja tu ninachokikosa jikoni: jivu. Masizi siyakumbuki, wala kupepea makaa mabichi yasiyotaka kushika. Ninalolikumbuka ni jivu la moto la mafiga ya shangazi kule Muheza, ambamo tulikuwa tunavumbika viazi vitamu na maganda yake ugali ukishaepuliwa. Unakifukia kiazi, unakwenda zako kisimani, ukirudi unakibonyeza kwa kijiti. Kikibonyea unakipangusa na kukimenya kikiwa bado kinafuka. Hakuna aliyepaka kitu. Hata chumvi ilikuwa ya hiari.

Temeke ninakoishi sasa nina jiko la gesi la pleti mbili na kioveni cha umeme kinachokaa juu ya kabati. Watoto wanapenda mihogo na viazi vya kuchoma kuliko chipsi, wageni nao huiomba "ile ya viungo", na swali ninaloulizwa ni lile lile: unaweka viungo gani? Hakuna anayeuliza muhogo ulipumzika kiasi gani baada ya kuchemka, au kiazi kiliingia kwenye oveni ya moto au ya baridi. Mimi nasema viungo ni mambo ya mwisho. Kila zao la mizizi lina maji yake na wanga wake, na kuchoma ni kuyatoa maji hayo kwa wakati unaofaa. Ukishindwa hapo, hata ukimwaga karafuu yote ya Pemba utaambulia muhogo mgumu unaonukia vizuri.

Nianze na muhogo kwa sababu ndio wenye masharti mengi. Kazi yake inaanza sokoni. Siununui bila kuvunjiwa.

"Kaka, nivunjie huo."

"Dada, huo umeng'olewa Mkuranga leo alfajiri, una wasiwasi gani?"

"Sina wasiwasi. Nivunjie tu."

Muhogo mzuri unavunjika kwa mlio, na ndani ni mweupe mtupu, una unyevu kidogo pale ulipovunjikia. Ukiona vijistari vya bluu au vyeusi, ujue umekaa. Muhogo hauvumilii, ukishang'olewa, siku ya pili au ya tatu unaanza kuharibika hata kama kwa nje ganda ni zima. Ukiona mabaka ya kahawia yaliyokauka na kuwa magumu, hayo ni mengine kabisa. Hiyo ni michirizi ya kahawia, ugonjwa wa virusi unaosambazwa na inzi weupe na mbegu zilizoambukizwa. Sisi watu wa Muheza tunaujua kwa karibu, maana mtafiti aliyeuandika kwa mara ya kwanza mwaka 1936, Storey, alikuwa Amani, juu mlimani kwetu, kwenye kituo cha utafiti ambacho Wajerumani walikianzisha mwaka 1902. Mkulima anaweza kuona majani hayana neno, akaja kushtuka siku ya kung'oa. Muhogo wa namna hiyo ukiukata mabaka na kuuchoma, bado una sehemu zisizoiva na ladha ya kukera. Mimi ninaurudisha pale pale mezani kwa muuzaji, hata akinuna.

Jambo la tatu ni uchungu. Ninakata kipande kidogo mno cha ncha, ninakigusisha ulimini na kukitema. Muhogo mchungu si wa kuchoma. Una sumu ya sianidi, na dawa yake ni kuloweka siku kadhaa, kuanika na kusaga, sio oveni. Kuna ugonjwa wa kupooza miguu uitwao konzo, ulioripotiwa Congo tangu miaka ya 1930 na hapa kwetu Tarime miaka ya 1980, unaowapata watu wanaokula muhogo mchungu usioandaliwa vizuri kwa wiki nyingi, hasa wakati wa njaa. Simtishi mtu, mihogo mingi inayouzwa Dar kwa kutafuna na kuchemsha ni mitamu. Lakini ukipewa mfuko wa mihogo na ndugu aliyetoka shamba, muulize ni ya kula hivyo hivyo au ya unga kabla hujawasha moto.

Nikifika nyumbani naumenya maganda yote mawili, lile jembamba la kahawia na lile nene la ndani lenye wekundu. Nakata vipande vya urefu wa kidole, nachemsha kwenye maji yenye chumvi ya kutosha mpaka kingo zianze kupasuka. Hapo hapo namwaga maji, natoa ule uzi wa katikati, kisha narudisha sufuria tupu yenye vipande juu ya moto mdogo bila mfuniko, naitikisa. Mvuke unapanda. Vipande vinaanza kuwa na vumbivumbi la unga kwa nje. Baada ya hapo navitandaza kwenye sinia na kuviacha kabisa, nafanya kazi nyingine, mpaka nikigusa vidole havilowi.

Hatua hiyo ndiyo inayotenganisha muhogo wa kuchoma na muhogo uliochemshwa ukababuliwa. Maji yanachemka kwenye nyuzi 100, na maadamu yapo juu ya kipande, sehemu hiyo haiwezi kupita hapo. Wekundu ule mzuri wa kuchomeka na harufu yake vinaanza juu zaidi, kwenye nyuzi 140 hivi. Kwa hiyo kipande kibichi cha maji kikiingia kwenye oveni, nusu ya muda wote kinajikausha tu, na wakati kinajikausha nje kinakuwa ngozi. Kikiingia kikavu, kwenye trei iliyokwisha pata moto, nyuzi 200, kinatoa sauti ya mafuta papo hapo. Dakika 30 mpaka 40, ukikigeuza mara moja, basi.

Mombasa wao hawachemshi. Ukienda pale ufukweni Mama Ngina jioni utakuta muhogo mbichi umemenywa, umewekwa moja kwa moja juu ya wavu wa makaa, unageuzwa polepole mpaka uive, kisha unapasuliwa katikati na kupakwa pilipili, chumvi na ndimu. Ni mtamu mno. Lakini unataka makaa, muhogo mchanga usio na nyuzi, na mtu ambaye kazi yake ni kukaa hapo akiugeuza. Kwenye oveni ya nyumbani nimeona kuchemsha kwanza kunaleta matokeo ya kuaminika zaidi, ingawa mtu wa Mombasa akinisikia atanicheka.

Kiazi kitamu kinataka kinyume chake. Hiki usikichemshe, usikimenye, wala usikiingize kwenye oveni ya moto. Ndani ya kiazi kitamu kuna kimeng'enya kinachougeuza wanga kuwa sukari ya malti, na kinafanya kazi kiazi kinapokuwa kwenye joto la kati, kama nyuzi 60 mpaka 75. Likizidi hapo kinakufa. Ukikitumbukiza kwenye maji yanayochemka, au ukikikata vipande vidogo na kuvirusha kwenye moto mkali, unapita kwenye joto hilo upesi mno na utamu unabaki kuwa ule ulionunua. Kikipashwa taratibu, kizima, utamu unaongezeka humo humo. Nilipolielewa hilo ndipo nilipojua kwa nini kiazi cha jivuni kwa shangazi kilikuwa kitamu kuliko cha kuchemsha kilichotoka gunia lile lile. Jivu halikuwa na ladha yoyote ya kukipa. Lilikuwa na uvivu tu.

Kabla sijapata oveni, uvivu huo niliupata kwenye mchanga. Wauza karanga wanajua siku nyingi kwamba mchanga hupokea moto polepole na kuugawa sawasawa. Nilichekecha mchanga wa mto, nikauosha mpaka maji yakatoka safi, nikauanika ukakauka kabisa, nikaujaza kwenye sufuria kuukuu nene kina cha vidole vitatu. Viazi vinaoshwa, vinakaushwa kwa kitambaa, vinafukiwa, mfuniko unawekwa, gesi inashushwa chini kabisa. Saa moja na zaidi kidogo, kwa viazi vya ukubwa wa ngumi. Kikiwa tayari, sukari inavuja kwenye ganda na kugandana na mchanga, kwa hiyo kimenye kwa uangalifu. Sufuria nyembamba usiitumie kwa kazi hii, itapinda na kutoboka. Wenye jiko la mkaa wana njia yao ya Pwani ya moto wa chini na makaa juu ya mfuniko, ile ya mkate wa sinia, nayo inafaa sana, ila makaa ya juu yawe mengi kuliko ya chini.

Kwenye oveni ninaviweka vikiwa vizima kwenye oveni baridi, ndipo ninawasha, nyuzi 150 kwanza kwa nusu saa, kisha 200 mpaka vilegee. Halafu navipasua, natia viungo kwenye mpasuko, navirudisha dakika 10. Viazi vyetu vyeupe na vya njano vinatoka vikavu, vya unga, vinavyotaka chai. Viazi lishe, vile vya rangi ya machungwa, vina maji zaidi na vinalegea upesi, na watu wengi wa rika langu hawavipendi kwa sababu hiyo. Ni vizuri kwa watoto kwa ile karotini ambayo mwili unaigeuza kuwa vitamini A. Mganda Robert Mwanga alikuwa mmoja wa wanne waliopewa Tuzo ya Chakula ya Dunia mwaka 2016 kwa kazi ya mazao yaliyorutubishwa, yeye na wenzake wawili wakiwa kwenye viazi hivi. Karotini inafyonzwa vizuri ikiwa na mafuta, kwa hiyo kupaka mafuta ya nazi hapa si anasa. Kuchoma kunavisaidia pia: kunapunguza yale maji yanayolalamikiwa.

Magimbi, ambayo jirani yangu Mkenya anayaita nduma, yanahitaji heshima ya aina yake. Yana vijisindano vidogo visivyoonekana vya oksaleti, ndivyo vinavyowasha mikono ukimenya na kukwaruza koo likiwa halijaiva. Nayamenya mikono ikiwa mikavu au imepakwa mafuta. Nayachemsha mpaka yaive kabisa, sio nusu. Kuchoma kwake ni kwa ajili ya ganda la nje na harufu. Usitegemee oveni imalizie kazi ya kuivisha. Gimbi zuri likishachomwa linakuwa na kijivu cha zambarau ndani na ukoko unaovunjika nje, na kwangu mimi ndilo linalozidi yote, muhogo ukiwemo.

Karoti hazina historia ndefu. Zina maji mengi, zinanywea, kwa hiyo kata minofu mikubwa kwa urefu, usizirundike. Viazi mviringo kila mtu anavijua. Ila vikikaa kwenye friji vinajitengenezea sukari na kuungua haraka, viweke kabatini.

Bitiruti ninaipenda, nyumbani kwangu iliingia kwa tabu. Mume wangu alisema inanuka udongo. Alikuwa sahihi. Harufu ile imo kweli, ndiyo hiyo hiyo inayopanda kutoka ardhini mvua ya kwanza ikianguka, na kinachoiletea ni kitu kimoja kiitwacho jiosmini. Asidi inaivunja. Basi naichoma nzima na ganda lake, nimeifunga kwenye foili, nyuzi 200 kwa saa moja, kisha naimenya kwa kuisugua na kuikamulia ndimu ikiwa bado ya moto, na giligilani iliyopondwa juu yake. Sasa anaila. Hasemi kwamba anaipenda, lakini kwenye sinia habakizi.

Mtaona sijaviweka vyote kwenye trei moja. Picha za mapishi mitandaoni zinaonyesha rangi zote zimechanganyika, zinapendeza. Ukipika hivyo kweli, karoti inakuwa imesinyaa wakati muhogo ndio kwanza unajipanga, na bitiruti imewapaka wenzake wote. Mimi nachoma kwa zamu na kuchanganya kwenye sinia la kulia. Kuhusu trei yenyewe, kati ya kipande na kipande ipite ncha ya kidole. Vikibanana vinapikana kwa mvuke.

Haya, viungo. Harufu ya viungo vingi inakaa kwenye mafuta yake, na inahamia kwenye mafuta mengine kirahisi kuliko kwenye maji. Ndiyo maana kunyunyizia unga wa viungo juu ya kipande kikavu hakufiki mbali. Unaungua na kuacha uchungu. Kwa kilo moja ya muhogo ninachukua vijiko 2 vya chai vya bizari nyembamba na 2 vya mbegu za giligilani, nazikaanga kavu kwenye kikaango mpaka zianze kunukia, nazitwanga kwenye kinu lakini si mpaka ziwe unga. Ziwe chengachenga. Chenga zinavumilia oveni, unga hauvumilii. Naongeza pilipili manga nusu kijiko, manjano nusu kijiko, na vijiko vitatu vya mezani vya mafuta ya alizeti au ya nazi, napasha kidogo mpaka mafuta yabadilike rangi, kisha naupaka muhogo uliokauka. Kitunguu saumu hakiingii hapa. Kikikaa nusu saa kwenye nyuzi 200 kinakuwa mkaa. Nakiponda na chumvi, nakipaka dakika 10 za mwisho. Pilipili kichaa nayo mwishoni, maana ikiungua mapema nyumba nzima inakohoa, na wapangaji wa vyumba vya jirani wanakuja kuuliza kulikoni. Ndimu ni mezani.

Mdalasini na iliki ni za kiazi kitamu. Ndugu zangu wananiletea kutoka miteremko ya Amani, mdalasini ikiwa bado magamba, na ukiusaga mwenyewe utaona tofauti na ule wa pakiti ambao umekaa dukani hujui tangu lini. Karafuu naiogopa kidogo. Nimewahi kupita Pemba msimu wa mavuno, karafuu zimeanikwa kwenye majamvi kando ya barabara kila unapogeuka, na nguo zangu zilinukia mpaka niliporudi Dar. Kimbunga cha mwaka 1872 kiliing'oa mikarafuu ya Unguja, na tangu hapo Pemba ndiyo shamba lenyewe. Kiungo hiki ni kikali, kinatia ganzi ulimi, ndiyo maana mafuta yake hutumiwa kwa maumivu ya meno. Punje 2 zilizosagwa zinatosha kilo nzima ya viazi. Ya tatu inakuwa dawa.

Kipimo kigumu cha mapishi haya kilikuwa Ramadhani. Futari ya watu wa Tanga ni muhogo, magimbi na viazi vya nazi, rojo zito, laini, kwa sababu koo lililofunga kutwa linataka kulainishwa. Mama mkwe alikuja kufuturu kwetu, nikatenga sinia la kuchoma, limepangwa likapangika. Alikula tende, akanywa uji, akachukua kipande cha muhogo, akakitazama.

"Mwanangu, umeiva vizuri, Mungu akubariki. Sasa huu mkavu tutaumezea nini?"

Hakuwa anagomba. Alinyanyuka mwenyewe, akakuna nazi ile iliyobaki, akakamua tui la kwanza, akalitia ukwaju uliolowekwa, pilipili mbuzi iliyopondwa na chumvi, akalipasha bila kuliacha lichemke likakatika. Tukachovya. Tangu siku hiyo kuchoma bila bakuli la kuchovya kwangu sikuhesabu kuwa chakula, ni kitafunwa. Ukosapo nazi, chatne ya ukwaju au kachumbari yenye maji maji inafaa. Yeye kwa futari bado anataka ya nazi, na mimi nampikia ya nazi. Ya kuchoma tunaila daku, na hapo hana ubishi.

Gharama nayo isemwe. Oveni ya wati 1,500 ikiwaka mfululizo saa moja inakula uniti 1 na nusu ya LUKU. Kwa kuwa inajizima na kujiwasha ikishafika joto, huwa pungufu ya hapo. Hata hivyo siwashi kwa kiazi kimoja. Jumapili nachoma vya kutosha siku mbili, nikianza na viazi vitamu oveni ikiwa baridi, kisha muhogo joto likiwa limepanda, na bitiruti ikiwa kwenye foili pembeni muda wote. Umeme ukikatika katikati, usifungue mlango. Kiazi kitaendelea kuiva kwa joto lililobaki, muhogo ndio utakaoudhi.

Kiporo cha muhogo wa kuchoma kinakuwa kigumu asubuhi, na kukirudisha kwenye oveni kunakimaliza. Kinyunyizie maji, kifunike kwenye kikaango juu ya moto mdogo dakika 5, kisha ondoa mfuniko, tia kijiko cha mafuta, kirudishe ukoko wake. Chai ya tangawizi, isiyo na maziwa. Magimbi ya jana usiyapashe kabisa, yakate vipande vyembamba uyale yakiwa baridi na chumvi na pilipili manga.